Maofisa wa Uhamiaji Wakibisha Hodi Chuoni: Mlango Upi, Karatasi Ipi, na Nani wa Kupigiwa Simu

Kijana anayekaa mapokezi ya bweni usiku, katika vyuo vingi vya Marekani, ni mwanafunzi kama wewe. Analipwa kwa saa, daftari la kemia liko mapajani, na kazi yake ni kukagua kadi za wanaoingia na kugawa vifurushi. Siku mtu mzima aliyevaa fulana ya kuzuia risasi yenye neno POLICE kifuani akimsogezea karatasi na kumwambia afungue mlango wa ndani, kwa dakika hizo chache huyo kijana ndiye chuo kizima. Wanasheria wa chuo wamelala majumbani kwao. Mengi yatategemea kama anaujua ule mlango na kama anajua kuisoma ile karatasi.

Nawaandikia wanafunzi wetu walioko Marekani: wenye viza za F-1 (za wanafunzi) na J-1 (za programu za kubadilishana), waliofika kama wakimbizi kutoka Kongo na Burundi, na wasio na makaratasi kabisa. Nawaandikia pia ndugu zetu wanaosafisha mabweni na kupika kwenye kantini za vyuo, maana mara nyingi wao hukutana na maofisa hawa kabla ya mkuu wa chuo kupata habari. Mwongozo huu haukai mahali pa wakili. Kazi yake ni kukufikisha kwa wakili ukiwa hujajiharibia.

Kilichofutwa na kilichobaki

Tangu Oktoba 2011, ICE, idara inayokamata na kuondosha wageni, ilikuwa na waraka uliowataka maofisa wake wasiende kukamata watu shuleni, vyuoni, hospitalini na kwenye nyumba za ibada isipokuwa kwa sababu nzito. Mwaka 2021 waraka huo uliandikwa upya na kupanuliwa. Tarehe 20 Januari 2025 ukafutwa.

Watu wengi walisikia habari hiyo wakaamini kwamba sasa kila mlango uko wazi. Sivyo. Waraka ule ulikuwa utaratibu wa ndani wa idara, kama meneja anavyowaambia wafanyakazi wake wasiingie duka fulani. Kinacholinda chumba chako ni Marekebisho ya Nne ya Katiba ya Marekani, yanayokataza serikali kuingia mahali pa faragha bila idhini ya jaji au ya mwenye mahali. Hayo hayajafutwa, na yanamlinda hata asiye raia. Kilichoondoka ni ile hali ya ofisa kusita kabla ya kuingia kwenye viwanja vya chuo.

Matokeo yake yalionekana haraka. Tarehe 8 Machi 2025, Mahmoud Khalil, aliyekuwa amemaliza masomo Columbia, alikamatwa kwenye ukumbi wa kuingilia wa jengo la makazi la chuo hicho mjini New York, ingawa alikuwa na ukaazi wa kudumu. Tarehe 25 mwezi huohuo, Rümeysa Öztürk, mwanafunzi wa uzamivu Tufts, alikamatwa barabarani Somerville, Massachusetts, akienda kufuturu na wenzake. Waliomzunguka walivaa kiraia, baadhi wamefunika nyuso. Viza yake ilikuwa imekwisha kufutwa bila yeye kuambiwa. Angalia mahali walipokamatiwa: ukumbi wa chini na barabara. Hakuna aliyetolewa chumbani kwake.

Hatua ya kwanza: kihoji chuo chako mapema

Chuo cha Marekani kina nafasi mbili kwa wakati mmoja, na usipozielewa utakitegemea mahali pasipo. Kwa upande mmoja ni mwenye nyumba na mlezi: kina milango yake, polisi wake na wanasheria wake. Kwa upande mwingine, kwa kila mwanafunzi wa F-1, ni mwandishi wa serikali. Kupitia mfumo wa SEVIS, chuo kina wajibu wa kisheria kuandika anwani yako, idadi ya masomo unayosoma, na kama umeacha shule. Mfumo huo unasimamiwa na ICE yenyewe. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni inaweza kukupenda kama mtoto wao, na bado haiwezi kukataa kuandika.

Kwa hiyo andika barua pepe, ukiwa na utulivu, uulize mambo haya. Ofisa wa uhamiaji akifika, mfanyakazi ampigie nani simu, na namba hiyo inafanya kazi saa nane za usiku? Sehemu zipi za chuo zinahesabiwa kuwa za faragha? Polisi wa chuo wana mkataba wowote na ICE? Chuo kitawajulisha wanafunzi maofisa wakiingia? Kuna wakili wa uhamiaji anayelipwa na chuo au kliniki ya kitivo cha sheria?

Majibu yatatofautiana sana kwa jimbo. California ilipitisha sheria mwaka 2017 inayovitaka vyuo vyake vya umma viwe na mtu maalumu wa kushughulikia jambo hili na utaratibu ulioandikwa, na mwaka 2025 ikaongeza sharti la kutoa taarifa maofisa wanapokuwa chuoni. Florida ilikwenda njia nyingine kabisa: mwaka 2025 idara za polisi za vyuo vikuu kadhaa vya umma ziliingia mikataba ya 287(g), inayompa polisi wa chuo mamlaka ya kufanya kazi za ofisa wa uhamiaji. Pale, kumkimbilia polisi wa chuo si sawa na kumkimbilia polisi wa chuo California. Ndiyo maana namshauri kila anayehamia chuo kipya aulize hili wiki ya kwanza, kama anavyouliza bima ya afya.

Usikate tamaa ukijibiwa kwa mkato. Chuo kimoja nilichowahi kukiuliza kilinyamaza wiki tatu, kisha kikanitumia maneno mazuri kuhusu kuthamini kila mtu, bila hata namba moja ya simu. Niliandika tena, safari hii na wenzangu sita tukiwa tumetia majina, na namba ikapatikana siku ileile.

Hatua ya pili: ijue milango

Kiwanja cha nyasi, njia za kupita, maegesho ya magari, duka la vitabu, mgahawa ambao mtu yeyote anaweza kuingia: hapo ofisa anaruhusiwa kuwepo kama mpita njia mwingine, anaweza kukuuliza maswali, na akiwa na waranti ya idara yake, yaani hati ya kukamata isiyo na saini ya jaji, anaweza kukukamata. Chuo hakiwezi kumfukuza barabarani. Chuo cha binafsi kina nguvu kidogo zaidi, kwa kuwa ardhi ni yake na kinaweza kuweka lango. Cha umma mara nyingi kiko wazi kama soko.

Sehemu inayofunguliwa kwa kadi ni habari nyingine. Ghorofa za bweni, maabara, ofisi za walimu, darasa wakati kipindi kinaendelea, maktaba inayokagua kitambulisho: haya vyuo huyahesabu kuwa ya faragha. Kuingia huko ofisa anahitaji waranti iliyotiwa saini na jaji, au ruhusa ya mtu mwenye mamlaka ya kuitoa. Kuna dharura zinazoruhusu kuingia bila vyote viwili, kama hatari kwa maisha ya mtu, lakini kumtafuta mwanafunzi kwa kosa la viza si dharura ya namna hiyo.

Chumba chako cha kulala kinalindwa kuliko vyote, kwa sababu kisheria ni nyumba yako. Mkataba wa bweni unaruhusu fundi wa chuo aingie kutengeneza bomba. Haumpi chuo haki ya kumkaribisha askari akupekue. Lakini mwenzako wa chumbani anaweza kufungua mlango akasema karibuni, na karibu hiyo ikahesabika. Kaa naye jioni moja mkubaliane. Mwambie tu: mtu usiyemjua akigonga, usifungue, uliza ni nani, na kama ana karatasi aipitishe chini ya mlango. Sisi tumelelewa kwamba hodi hujibiwa karibu, na mgeni haachwi mlangoni. Kwa jambo hili moja, mgeni aachwe mlangoni.

Kingine kinachosahaulika ni ule mlango unaoshikiliwa. Umepitisha kadi, nyuma yako kuna mtu, unamshikilia mlango kwa adabu. Usimshikilie usiyemfahamu. Maofisa huruhusiwa kuvaa kiraia, na wanaweza hata kukuambia wanafuata jambo jingine.

Hatua ya tatu: isome karatasi

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapoangukia. Karatasi ikiwa na neno "Warrant" na muhuri wa tai, mkono hutetemeka na mlango hufunguka. Isome kuanzia juu.

Karatasi ya idara huanza na maneno "U.S. Department of Homeland Security". Chini yake kuna kichwa: "Warrant for Arrest of Alien", ambayo ni fomu ya I-200, au "Warrant of Removal/Deportation", ambayo ni I-205. Namba ya fomu huchapwa kwa herufi ndogo chini ya ukurasa. Shuka hadi mahali pa saini: aliyetia saini ni ofisa wa uhamiaji. Maana yake idara imejiandikia yenyewe ruhusa ya kumkamata mtu. Karatasi hiyo inatosha kumkamata barabarani. Haimlazimishi mtu wa mapokezi kufungua mlango wa faragha.

Waranti ya jaji huanza na jina la mahakama, kwa kawaida "United States District Court" na jina la wilaya. Ina namba ya kesi. Ina saini ya jaji. Ya upekuzi hutaja anwani na mahali hasa panapopekuliwa, vitu au mtu anayetafutwa, na tarehe ya mwisho ya kuitumia. Kagua kila kimoja: jengo ni hili? Namba ya chumba ni hii? Tarehe haijapita? Kama waranti inataja chumba 214, haifungui 216. Yakiwa sawa yote, basi ni halali na itafuatwa; hapo hakuna wa kumzuia ofisa, na asijaribu mtu.

Kuna waraka wa ndani wa ICE wa Mei 2025, uliojulikana hadharani Januari 2026, unaodai kwamba maofisa wanaweza kuingia kwa nguvu nyumbani kwa mtu mwenye amri ya mwisho ya kuondolewa nchini wakiwa na I-205 tu. Mawakili wanaupinga vikali kwa msingi wa Marekebisho ya Nne. Kwako mwanafunzi, lenye faida ni hili: sema wazi kwamba hukubali, kisha usisukumane na mtu mlangoni. Ubishi utafanyika mahakamani, na neno lako la kukataa ndilo wakili atakalolishika.

Hatua ya nne: maneno ya mlangoni

Kwa mfanyakazi wa mapokezi, mpishi, msafishaji au mwalimu, sentensi ni moja, na ni vizuri kuikariri kwa Kiingereza kwa sababu ndiyo lugha itakayosikika: "I am not authorized to let you in. Please wait while I call." Baada ya hapo piga namba ya polisi wa chuo au ya wanasheria wa chuo. Omba jina la ofisa, namba ya beji, idara anayotoka, na nakala ya karatasi. Ipige picha kama wanakubali. Usijibu kama fulani anaishi hapa, anasoma saa ngapi, au ametoka nchi gani.

Usiseme uongo. Usimfiche mtu kwenye stoo, usimtoe kwa mlango wa nyuma, usichane faili wala kufuta kitu kwenye kompyuta. Kukataa kufungua mlango bila waranti ya jaji ni haki. Kuficha mtu na kumdanganya ofisa wa serikali ya shirikisho ni kosa la jinai, na watu wema wamejiingiza humo kwa huruma. Ukisema "sina mamlaka" umesema kweli na umetosha.

Kwa mwanafunzi anayesimamishwa: uliza kwanza, "Am I free to go?" Ukijibiwa ndiyo, ondoka kwa mwendo wa kawaida, usikimbie. Ukijibiwa hapana, sema, "I want to remain silent. I want to speak to a lawyer." Wakitaka kupekua begi au simu, sema, "I do not consent." Usitie saini karatasi yoyote bila wakili, hasa ile ya kukubali kuondoka kwa hiari, hata ukiambiwa itakurahisishia mambo.

Wanaopita wanaweza kurekodi kwa simu mahali pa wazi, wakikaa mbali kiasi cha kutozuia kazi. Rekodi sura ya jengo, magari, saa, na maneno. Kabla ya kurusha mtandaoni, mpe kwanza wakili au familia.

Hatua ya tano: taarifa zako zilizoko masijala

Ofisa hahitaji kuja bwenini kama anaweza kupata anwani yako kwa simu moja. Sheria ya FERPA ya mwaka 1974 inakataza chuo kutoa kumbukumbu za mwanafunzi bila idhini yake, lakini inaacha tundu: taarifa za orodha. Chuo kinaweza kuweka kwenye orodha hiyo jina, anwani, simu, barua pepe, fani unayosoma, picha, na hata tarehe na mahali ulipozaliwa, na kumpa anayeuliza. Una haki ya kuzuia. Nenda masijala, omba fomu ya kuzuia taarifa za orodha, ijaze, upewe nakala. Gharama yake ni kwamba jina lako linaweza kukosekana kwenye kijitabu cha mahafali, na mwajiri akipiga kuthibitisha shahada yako ataambiwa hakuna taarifa. Kila mtu apime mwenyewe. Kwa asiye na makaratasi, mimi naona ni bei ndogo.

Chuo pia huletewa samansi. Ya ICE yenyewe haina nguvu ya kumlazimisha mtu mpaka mahakama iamuru, na chuo kinaweza kwenda kuipinga. FERPA inaruhusu chuo kuitii samansi iliyotolewa kihalali, baada ya kujitahidi kukujulisha kwanza. Kwa hiyo uliza: mtanijulisha kwa barua pepe ipi? Na uisome hiyo barua pepe.

Wa F-1 ajue kwamba yaliyomo SEVIS hayazuiwi na fomu hiyo. Kinga yake ni kumbukumbu safi. Ukihama chumba, toa anwani mpya ndani ya siku 10. Usishuke chini ya mzigo kamili wa masomo, ambao kwa shahada ya kwanza ni kwa kawaida krediti 12 kwa muhula, kabla ya kuongea na ofisa wa chuo anayeshughulikia I-20, ile hati ya chuo inayothibitisha kwamba wewe ni mwanafunzi wa F-1. Usizidishe saa 20 za kazi kwa wiki chuoni wakati masomo yanaendelea, na usiguse kazi ya nje isiyoidhinishwa, hata kama mjomba ana duka na anakuhitaji Jumamosi moja tu.

Halafu tofautisha viza na hadhi. Viza ni ruhusa ya kuingia. Hadhi yako ya kukaa inategemea kumbukumbu hai ya SEVIS. Majira ya kuchipua ya 2025 serikali ilifunga kumbukumbu za wanafunzi zaidi ya 4,000 kwa mpigo, wengi wao bila maelezo. Wengi waliokwenda mahakamani walipata amri za kuzirejesha, na tarehe 25 Aprili serikali ikatangaza kwamba inazirudisha. Waliookoka vizuri ni waliouliza haraka. Mwombe ofisa wa I-20 akuangalizie kumbukumbu yako mara kwa mara, na kabla ya kusafiri nje ya Marekani kwa sababu yoyote, hata msiba, uliza kwanza. Burundi iliwekewa vizuizi vya viza Juni 2025, na Tanzania ikaongezwa kwenye orodha kuanzia 1 Januari 2026. Kutoka kunaweza kuwa rahisi kuliko kurudi.

Hatua ya sita: vya kutembea navyo

Hamadi kibindoni, silaha iliyo mkononi. Sheria ya shirikisho inamtaka asiye raia mwenye miaka 18 na kuendelea atembee na uthibitisho wa kusajiliwa. Kwa mwenye ukaazi wa kudumu ni ile kadi yake. Kwa mwanafunzi wa F-1 au J-1 ni I-94, yaani rekodi ya kuingia kwako nchini, ambayo unaichapa bure mtandaoni. Ongeza nakala ya I-20, au ya DS-2019 kwa mwenye J-1, na ya ukurasa wa picha wa pasipoti. Binamu yangu alikuwa na vyote, vimekunjwa vizuri, ndani ya sanduku chini ya kitanda. Tulivitoa tukaviweka kwenye begi analobeba kila siku.

Asiye na makaratasi asibebe hati za nchi aliyotoka, asibebe hati ya uongo, na asiseme alizaliwa wapi.

Namba mbili za simu zikae kichwani, si kwenye simu, maana simu itachukuliwa: ya wakili na ya mtu mmoja unayemwamini. Jaza mapema fomu ya FERPA inayomruhusu mtu huyo kuongea na chuo kwa niaba yako. Bila hiyo, mama akipiga kutoka Moshi ataambiwa kwa upole kwamba hawawezi kumwambia chochote.

Mtu akishakamatwa

Saa za kwanza ni ghali kuliko wiki zinazofuata. Wakili anapopeleka ombi mahakamani la kupinga kizuizi, mahakama inayohusika ni ya pale mtu alipo dakika ile. Ombi la Öztürk lilipelekwa Massachusetts naye alishavushwa hadi njia ya Vermont. La Khalil lilipelekwa New York naye yuko New Jersey. Kesi zao zikahamishiwa Vermont na New Jersey, ingawa wao wenyewe walipelekwa Louisiana. Kama mawakili wasingekimbia usiku uleule, kesi zingeanzia Louisiana. Wote wawili waliachiwa baadaye kwa amri za majaji, Öztürk mwezi Mei na Khalil mwezi Juni.

Kwa hiyo, rafiki aliyeona ampigie wakili kabla ya kumpigia mwingine yeyote. Atoe jina kamili kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, nchi, na namba ya A, yaani namba ya faili lake la uhamiaji, kama ipo. Baada ya hapo familia itafute kwenye mfumo wa ICE wa kutafuta waliozuiliwa, ambao ni bure. Andikeni jina kwa kila tahajia mnayoidhania. Majina yetu huandikwa vibaya, la baba hukaa mahali pa la kwanza, na mtu akaonekana hayupo.

Mahakama ya uhamiaji haikupi wakili wa serikali. Unaye kwa gharama yako au wa kujitolea. Uliza kliniki ya kitivo cha sheria cha chuo kabla ya kulipa mtu asiyejulikana aliyejitangaza kanisani.

Ubalozi nao una nafasi. Chini ya Mkataba wa Vienna wa 1963, aliyekamatwa aambiwe kwamba anaweza kuomba ubalozi wake ujulishwe. Kwa Mtanzania, Marekani ina wajibu wa kuujulisha ubalozi hata asipoomba. Aliyekimbia serikali ya nchi yake na anaomba hifadhi azungumze na wakili kwanza kabla ya kuongea na ubalozi wowote.

Kisha mtu mmoja aende kwa mkuu wa wanafunzi na fomu ile ya FERPA mkononi. Aombe mambo matatu kwa maandishi: mitihani isogezwe, mkataba wa bweni usivunjwe, na jina lisiondolewe darasani bila kwanza kuongea na ofisa wa I-20, kwa sababu kuondolewa masomoni kutaandikwa SEVIS na hakimu wa uhamiaji atamwona aliyekamatwa hana shule ya kurudia. Akimaliza hapo apitie chumbani, achukue dawa kama mwenzake anatumia, na kumpelekea wakili pasipoti iliyobaki kwenye droo.